Vuli ya Helgoland

Mwezi ukiwapo, hakuna aliyetoka. Walingoja usiku wa giza, mawingu yametanda, upepo mwembamba unatoka kusini-mashariki, na ikiwezekana manyunyu yanadondoka. Hapo ndipo wanaume na vijana walipochukua taa na nyavu zenye mipini mirefu, wakaingia kwenye mashamba ya viazi yaliyo juu ya jabali, wakaanza kuokota ndege kama watu waokotavyo maembe baada ya upepo mkali. Ndege walikuwa wametua chini kwa uchovu, au walikuwa wakizunguka mnara wa taa kwa maelfu wasijue pa kwenda. Usiku mmoja wa namna hiyo, katika karne ya 19, walikamatwa 15,000. Walikuwa vipozamataza, wale ndege wadogo wa kahawia wa mashambani ambao huimba huku wakipaa, na mwisho wao ulikuwa chungu cha jikoni.

Kisiwa chenyewe ni Helgoland, jabali jekundu lililosimama peke yake katika Bahari ya Kaskazini, kilomita zipatazo 60 kutoka mdomo wa mto Elbe nchini Ujerumani. Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja huenda hajawahi kukiona hata pichani, lakini jina analijua. Alilikariri darasani: Mkataba wa Heligoland, 1890. Katika madaftari mengi ya historia jina hilo huja na kupita kwa sentensi moja. Uingereza ilitoa Heligoland, ikapata Zanzibar. Kisha kengele inalia na somo linahamia kwingine.

Sentensi hiyo imekinyima haki kisiwa. Imekifanya kiwe bei ya kitu kingine, kana kwamba hapakuwa na watu, lugha wala maisha juu yake. Wenyewe hukiita deät Lun, yaani nchi, katika lahaja yao ya Kifrisia. Na zaidi ya karne moja na nusu sasa, kuna watu wanaokifahamu kwa sababu isiyohusiana kabisa na wafalme na mikataba. Wanapanga safari ya kwenda huko kila ifikapo vuli ili kutazama ndege. Kazi ya kisayansi ya kufuatilia ndege wahamao, ile iliyokuja kueleza mbayuwayu wa mapaa ya Pwani wanatoka wapi na wanarudi wapi, sehemu kubwa ya utoto wake ilipita juu ya jabali hili.

Mkataba wenyewe ulitiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890. Waziri Mkuu wa Uingereza alikuwa Lord Salisbury. Kansela wa Ujerumani alikuwa Leo von Caprivi, aliyemrithi Bismarck miezi michache tu kabla. Kusema kwamba kisiwa kimoja kilibadilishwa na kingine ni kurahisisha mno, kwa kuwa Ujerumani haikuwa na Zanzibar ya kutoa. Unguja na Pemba zilikuwa na Sultani wao, Sayyid Ali bin Said. Walichotoa Wajerumani ni madai. Walikubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Waingereza, wakaiachia Witu katika pwani ya Kenya ya leo, wakakubali Uganda ihesabiwe upande wa Uingereza. Wao wakapata Helgoland, ukanda mwembamba wa kuelekea mto Zambezi ulioitwa Caprivi, na nafasi ya kuununua kutoka kwa Sultani mwambao wa Tanganyika, ambao waliulipia marki milioni 4.

Malkia Victoria hakupenda kisiwa kitolewe. Wakazi wa Helgoland, wapatao 2,000, hawakuulizwa. Wazanzibari nao hawakuulizwa. Mwezi Agosti Kaiser Wilhelm II aliteremka jabalini kupokea milki yake mpya. Oktoba, askari wa Uingereza waliuchoma mji wa Witu. Novemba, Zanzibar ikatangazwa kuwa chini ya himaya. Ukizipanga tarehe hizo, utaona kwamba zinaenda sambamba na msafara mwingine mkubwa zaidi, ambao haukutajwa katika kifungu chochote cha mkataba. Kuanzia Agosti hadi Novemba ndege wa Ulaya huelekea kusini, na baadhi yao hufika mpaka kwenye matope ya mto Tana na mashamba ya Unguja.

Waswahili walipotafuta jina la majira yale ya Ulaya ambapo majani hupukutika, walichukua neno vuli. Mtu anaweza kuona ni kosa, kwa sababu vuli ya Pwani ni mvua na mimea kuchipua, ilhali vuli ya kaskazini ni baridi na miti kubaki uchi. Kwa mtazamaji wa ndege, hata hivyo, neno limekaa mahali pake. Miezi ni ile ile, na ndege wengine ni wale wale: anayeiaga vuli ya huko ndiye anayepokewa na vuli ya huku.

Kwa nini Helgoland? Jibu liko kwenye ramani. Ndege wengi wadogo husafiri usiku. Wanaondoka Norway, Sweden na Denmark jua likizama, wanakata bahari kuelekea kusini-magharibi, na wakikutwa na ukungu, mvua au upepo wa mbele kabla hawajafika ng'ambo, wanatafuta popote pa kukanyaga. Katika kona ile yote ya Bahari ya Kaskazini pa kukanyaga ni pamoja tu: jabali la kilomita moja ya mraba lenye kimo cha mita 60 hivi, na pembeni yake kisiwa kidogo cha mchanga kinachoitwa Düne. Zamani viwili hivyo vilikuwa vimeshikana, mpaka tufani la mwishoni mwa mwaka 1720 lilipovunja shingo ya nchi iliyoviunganisha. Juu ya jabali hakukuwa na msitu. Ndege aliyetua alfajiri hakuwa na pa kujificha zaidi ya bustani za watu, ua wa mawe au mche wa viazi. Mahali pengine mtazamaji humfuata ndege porini siku nzima. Hapa ndege walimjia mtu mpaka mlangoni.

Wenyeji walilijua hilo muda mrefu kabla ya msomi yeyote kuliandika. Walikuwa na majina ya Kifrisia kwa ndege wengi waliopita, hata kwa wale ambao vitabu vya bara havikuwa na habari zao. Na walikuwa na ufundi. Mbali na vipozamataza wa usiku, waliwawinda sululu wa msituni kwa bunduki, na waliwakamata mikesha kwa namna ya werevu sana. Mkesha ni ndege mkubwa kidogo kuliko shore, mla matunda na minyoo, na anapotua mahali peupe hukimbilia kichaka cha kwanza anachokiona. Basi mtu wa Helgoland alimtengenezea kichaka. Alichomeka matawi makavu ardhini nyuma ya nyumba yake, akayafunika upande mmoja kwa wavu, akamwacha ndege aingie mwenyewe kutafuta kivuli. Akishaingia, mtu alimsukuma polepole kuelekea wavuni. Waliviita vichaka hivyo troosel-goard, bustani ya mikesha.

Katika dunia hiyo ya taa, nyavu na supu aliingia kijana wa miaka 23, mwaka 1837. Heinrich Gätke alizaliwa Pritzwalk, katika nchi kavu ya Brandenburg, mwaka 1814. Alikuwa mchoraji, na alikwenda kisiwani kuchora bahari. Helgoland wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza, iliyoichukua kutoka kwa Wadenmark mwaka 1807 katika vita vya Napoleon, na tangu 1826 ilikuwa na hoteli za watu waliokwenda kuoga maji ya chumvi kwa ajili ya afya. Wachoraji na washairi walifika kwa wingi. Wengi walikaa msimu mmoja wa joto, wakaondoka. Gätke alioa binti wa kisiwani, akaajiriwa kuwa katibu wa serikali chini ya gavana wa Kiingereza, na hakuondoka tena mpaka alipofariki tarehe 1 Januari 1897. Karibu miaka 60.

Namna alivyogeuka kutoka kwa mchoraji hadi mtaalamu wa ndege inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa maana hakuwa na shahada wala maabara. Alianza na macho ya msanii, yanayotofautisha kijani kibichi na kijani kilichofifia. Mvuvi au mtoto alipomletea ndege asiyemjua, alimkausha na kumtunza. Kisha akaanza kuandika kila siku: upepo unatoka wapi, ndege gani wamepita, wangapi, saa ngapi. Akaendelea hivyo miongo kwa miongo. Vijana wa kisiwani ndio waliokuwa macho yake ya ziada, na mmoja wao, Claus Aeuckens, anatajwa mara nyingi katika maandishi yake kwa uhodari wa kumtambua ndege mgeni kati ya mamia ya ndege wa kawaida. Gätke hakuficha deni hilo. Katika kitabu chake, karibu na majina ya Kilatini ya ndege wengi, aliweka na majina ya Kihelgoland.

Walichokipata pamoja kiliwashangaza wataalamu wa bara. Kuna ndege mmoja mdogo wa kijani mwenye mstari wa manjano juu ya jicho, uzito wake hauzidi sana gramu 6, ambaye huzaliana katika misitu ya Siberia na kwenda kukaa kusini-mashariki mwa Asia wakati wa baridi. Kwa hesabu ya vitabu, hakuwa na shughuli yoyote Ulaya Magharibi. Gätke akasema anamwona Helgoland mara kwa mara, tena katika vuli. Wengine walidhani mtu huyu wa kisiwani amechanganyikiwa. Lakini ngozi za ndege hao zilikuwa kabatini mwake, na aliyetia shaka alikaribishwa kuja kuzishika. Ndivyo safari za kwenda Helgoland kwa ajili ya ndege zilivyoanza. Katika miaka ya 1870 Waingereza John Cordeaux na Henry Seebohm walifunga safari hiyo kwenda kumwona mzee, kukagua mkusanyo wake na kusimama naye jabalini. Seebohm alikuwa mfanyabiashara wa chuma wa Sheffield aliyefika mpaka Siberia kutafuta viota, na Helgoland ilimpa sura nzima katika kitabu chake.

Kitabu cha Gätke mwenyewe, Die Vogelwarte Helgoland, kilitoka mwaka 1891. Kisiwa kilikuwa kimebadili bendera mwaka mmoja tu nyuma. Mtu aliyekuwa ameitumikia serikali ya Kiingereza alichapisha kazi ya maisha yake akiwa katika nchi ya Kaiser, na mwaka 1895 kazi hiyo ikatoka kwa Kiingereza mjini Edinburgh, ikarudi kwa wale waliokuwa wamekitoa kisiwa.

Si kila alichoandika kilikuwa sahihi. Aliamini kwamba ndege wa koo la buluu, ambaye hukaa Afrika wakati wa baridi, huruka kutoka kaskazini mwa Afrika hadi Helgoland kwa usiku mmoja tu, kwa kuwa hakuwaona wakipumzika katikati ya safari. Hesabu hiyo ingempa ndege mwenye uzito wa vijiko vichache vya sukari mwendo wa kasi kuliko karibu magari yote yaliyo barabarani leo. Ukweli ni kwamba husafiri kwa vituo, usiku huu hapa, usiku ule pale, na vituo vingi Gätke asingeweza kuvijua akiwa amesimama mahali pamoja. Kosa hilo linaonyesha hasa kilichokuwa kinakosekana. Jicho lililo bora kuliko yote linajua ndege amefika. Haliwezi kujua ametoka wapi. Ilihitajika njia ya kumtia ndege alama.

Njia hiyo ilibuniwa na mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, ambaye mwaka 1899 mjini Viborg aliwavisha ndege miguuni pete nyepesi za alumini zenye namba na anwani. Mwaka 1901 Johannes Thienemann akafungua kituo cha kwanza cha ndege duniani huko Rossitten, kwenye pwani ya Baltiki, akaanza kuwavisha korongo pete ambazo baadaye zilirudi kwa barua kutoka Afrika. Helgoland ilifuata. Mwanabiolojia kijana, Hugo Weigold, aliletwa katika kituo cha utafiti wa bahari kisiwani, akaanza kuvisha pete mwaka 1909, na mwaka 1910 kituo rasmi cha ndege kikaanzishwa chini yake.

Weigold alikuwa na tatizo ambalo Gätke hakuwa nalo: alitaka ndege wake wakiwa hai. Bunduki haikumfaa. Akatazama wenyeji walivyokuwa wakifanya miaka yote, na hapo ndipo bustani ya mikesha ilipopata kazi mpya. Alipanda vichaka vya kweli katika bonde dogo juu ya jabali, karibu na kidimbwi cha zamani kilichoitwa Sapskuhle, kisha kituo kikajenga mtego mkubwa wa waya juu ya vichaka hivyo. Mdomo wake ni mpana kiasi cha mtu kuingia amesimama. Unaendelea kuwa mwembamba kadiri unavyoingia ndani, unapinda kona ili ndege asione tena alikotokea, unaishia kwenye kisanduku chenye kioo. Ndege huona mwanga kiooni, huruka kuelekea huko, na mlango hufungwa nyuma yake.

Mvuvi wa Pwani angeuelewa mtego huo mara moja bila kuelezwa. Ni wando, ni dema: njia pana ya kuingia, nyembamba ya kwenda mbele, na hakuna ya kurudi. Wajerumani nao waliliona hilo, kwani jina waliloupa linatokana na neno lao la mtego wa samaki. Kwingineko duniani unaitwa tu mtego wa Helgoland, na umejengwa katika nchi nyingi. Ufundi uliobuniwa kwa ajili ya kitoweo ukawa chombo cha kumkamata ndege, kumpima bawa, kumvisha pete na kumwachia aende zake, yote kwa dakika chache. Katika historia yote ya kisiwa, hakuna mageuzi mazuri kuliko haya.

Waingereza waliokipoteza kisiwa hawakusahau walichokipoteza. William Eagle Clarke, wa jumba la makumbusho la Edinburgh, alitafuta katika visiwa vya Scotland mahali pa kufanana nacho. Mwaka 1905 alifika Fair Isle, kati ya Orkney na Shetland, na vuli hiyo moja ikamtosha kujua kwamba amepapata. Kisiwa hicho kikapewa sifa ya kuwa Heligoland ya Uingereza. Mwaka 1933 Ronald Lockley akajenga mtego wa Helgoland katika kisiwa cha Skokholm huko Wales. Na katika vita vya pili vya dunia, Mskoti George Waterston, aliyetekwa na Wajerumani Krete mwaka 1941, alikaa katika kambi ya wafungwa akichora na mfungwa mwenzake mipango ya kituo cha ndege Fair Isle. Mjerumani mmoja, mtaalamu mkuu wa ndege wa Berlin aliyeitwa Erwin Stresemann, aliwasaidia wafungwa wa Kiingereza waliopenda ndege wakati nchi zao zikiuana. Waterston aliachiliwa mwaka 1943 kwa sababu ya ugonjwa, akakinunua kisiwa baada ya vita, na kituo kikafunguliwa mwaka 1948, na mitego ya Helgoland ikiwa imejengwa.

Lakini kipindi hicho hicho Helgoland yenyewe ilikuwa imekufa.

Kaiser alikitaka kisiwa kwa ajili ya manowari, na tangu 1890 jabali lilichimbwa mahandaki na kuwekwa mizinga. Vita vya kwanza vilipoanza mwaka 1914, wakazi walihamishwa wote. Walirudi. Utawala wa Hitler ukajenga ngome kubwa zaidi, na tarehe 18 Aprili 1945, majuma matatu kabla ya amani, ndege za kivita karibu 1,000 za Uingereza zilikishambulia kisiwa mchana. Watu waliokuwa ndani ya mahandaki waliponea humo; walipotoka hapakuwa na mji. Wakapelekwa bara. Miaka miwili kamili baadaye, tarehe 18 Aprili 1947, jeshi la Uingereza lilirundika humo kiasi cha tani 6,700 za baruti na makombora, likayalipua kwa mpigo mmoja. Ulikuwa miongoni mwa milipuko mikubwa kuliko yote isiyo ya nyuklia ambayo binadamu amewahi kuisababisha. Kona ya kusini ya jabali iliporomoka. Kwa miaka iliyofuata marubani walikitumia kisiwa kama shabaha ya mazoezi.

Ndege hawakuwa na habari za mkataba wa 1890, na hawakuwa na habari za hili pia. Kila vuli walishuka usiku kutafuta mwanga na kichaka, wakakuta mashimo.

Desemba 1950 wanafunzi wawili kutoka Heidelberg, René Leudesdorff na Georg von Hatzfeld, walivuka bahari ya baridi kali wakapandisha bendera juu ya magofu, na kilio cha wakazi kikasikika nchi nzima. Tarehe 1 Machi 1952 kisiwa kilirudishwa kwa Ujerumani. Wakazi walirudi kujenga nyumba za rangi mbalimbali. Makao makuu ya kituo cha ndege yalikuwa tayari yamehamia Wilhelmshaven, bara, na yangali huko. Lakini mwaka 1953 tawi la kisiwani lilifunguliwa tena, vichaka vikapandwa upya, mitego ikasimamishwa pale pale juu.

Jengo moja tu kubwa lilikuwa limepona mabomu na mlipuko: mnara wa zege uliojengwa mwaka 1941 wa kuongozea mizinga ya kutungulia ndege za kivita. Likageuzwa mnara wa taa. Ndilo linalomulika mpaka leo, na usiku wa ukungu mionzi yake hujaa vivuli vya mabawa kama ilivyokuwa enzi za mnara wa Waingereza. Tofauti ni kwamba chini yake hakuna tena mtu mwenye wavu na chungu.

Anayepanga safari leo huanza kwa kuchagua mwezi, na uchaguzi huo ni uchaguzi wa bara gani anataka kulikuta. Mwishoni mwa Agosti na Septemba jabali hupitiwa na ndege waendao Afrika: mbayuwayu, ndege wadogo wala wadudu, na wale wenye mdomo wa ndoana wapendao kuchomeka panzi kwenye miiba. Oktoba hao wamekwisha. Ni zamu ya mikesha, wanaoshuka kwa maelfu kutoka Skandinavia, na ya ndege waliopotea njia kutoka Siberia, akiwemo yule mdogo wa mstari wa manjano ambaye Gätke aliambiwa hawezi kuwapo. Siku hizi huonekana kila mwaka bila kukosa, na kisiwa kimeshaorodhesha zaidi ya aina 400 za ndege. Kwa sababu hiyo watazamaji wengi huchagua Oktoba.

Meli huondoka Cuxhaven. Katika vuli upepo ukizidi, haiondoki, kwa hiyo mwenye hekima huacha siku moja au mbili za akiba mwishoni mwa safari. Hubeba koti la mvua, viatu vya kuzuia maji na darubini, hukodi chumba mapema kwa kuwa wakazi ni kiasi cha 1,300 tu na vyumba ni vya kuhesabu. Gari hahitaji, kwani hakuna magari ya watu binafsi kisiwani. Kinachomnyima usingizi ni utabiri wa hewa. Jua na anga la buluu, ambavyo mtalii wa kawaida angevishukuru, kwake ni msiba: ndege watapita juu kwa juu bila kushuka. Anaomba upepo wa mashariki siku kadhaa mfululizo, kisha mvua usiku wa manane.

Akijibiwa, alfajiri hupanda ngazi kuelekea uwanda wa juu na kuanza kupekua. Pa kupekua ni pachache na pana historia yake. Kuna bustani za nyumba. Kuna kingo za bustani ya mitego, ambako watafiti hufanya mizunguko yao mchana kutwa. Kuna mashimo ya mabomu yaliyobaki juu ya jabali, ambayo nyasi na vichaka vimeyavamia, na ndani yake ndege aliyechoka hupata kinga dhidi ya upepo. Na kuna eneo la katikati liitwalo Mittelland, ambalo lilizaliwa na mlipuko wa 1947 jabali lilipoporomoka. Mtu aliyechuchumaa hapo na darubini yake, akingoja jani litikisike, amechuchumaa juu ya kidonda.

Mwafrika Mashariki anayesoma haya ana mahali pake pa kulinganisha, tena si mbali. Mwaka 1969 hoteli ya Ngulia ilifunguliwa juu ya ukingo wa mlima katika hifadhi ya Tsavo Magharibi. Taa ziliwekwa nje ili wageni waone chui na tembo usiku. Ilipofika Novemba, mwezi ukiwa umefichwa na ukungu umefunika vilima, taa hizo zilianza kuleta wageni ambao hakuna aliyewaalika: ndege wadogo kwa mamia na maelfu, wakizunguka kwenye mwanga kama vumbi. Walikuwa wahamaji kutoka Ulaya na Asia wakielekea kusini. Graeme Backhurst na David Pearson na wenzao wakatandaza nyavu, wakaanza kuvisha pete, na kazi hiyo imeendelea tangu hapo. Ndege waliovishwa Ngulia wamepatikana Ulaya, Urusi na Mashariki ya Kati. Giza, ukungu, taa, wavu: ni Helgoland ile ile, imehamishiwa kwenye miiba ya Tsavo.

Miongoni mwa wanaonaswa kwa wingi Ngulia yumo ndege mmoja wa kahawia asiye na pambo lolote, ambaye kiangazi huzaliana kwenye vichaka vya majimaji vya Ulaya, Ujerumani ikiwemo. Yeye ni mwigaji. Mwaka 1979 mtafiti Mbelgiji, Françoise Dowsett-Lemaire, alichapisha uchunguzi wake wa nyimbo za ndege hao waliokuwa wakiimba Ulaya. Alitambua ndani yake sauti za aina 212 za ndege wengine, na 113 kati ya hizo zilikuwa za ndege wa Afrika. Kinda huondoka kwao akiwa bado mchanga, hujifunza njiani na katika nyika za Afrika Mashariki, na Mei inayofuata hurudi kumwimbia mwenzi wake kwa sauti za shore na wenyeji wengine wa huku.

Ndege huyo huiaga kaskazini mapema, na hana haraka ya kufika. Hupumzika Ethiopia majuma mengi, akingoja mvua za Kenya zianze. Kwa hiyo meli ya Cuxhaven inaporudisha watazamaji wa mwisho wa Oktoba, wamefunga darubini na kuhesabu walichokiona, kule Ngulia ndiyo kwanza miti ya nyavu inasimikwa, na watu wanaangalia kalenda kujua mwezi utazama lini.